Mwanangu asema dawa yangu ya moyo ni sumu ya panya

SWALI: Habari Sista. Nauza omena Kibuye, Kisumu. Tangu mwaka jana moyo hunienda mbio, ukasita, ukaenda tena. Picha ya moyo ilionyesha vali imekaza kwa ajili ya homa ya utotoni, na vyumba vya juu vinatetemeka. Nameza warfarini na kila mara natolewa damu ipimwe. Mwanangu wa chuo amesoma kwamba hiyo ni sumu ya panya, na kwamba kuna vidonge vipya visivyohitaji vipimo, tena kuna umeme wa kutibu moyo. Je, nimeachwa nyuma?

JIBU: Mama, kijana hakudanganya. Warfarini iliuzwa kwanza kuua panya, mwaka 1948, ikawa dawa ya watu miaka ya 1950. Panya hushiba akavuja damu ndani. Wewe wapewa kidogo, na INR yako, yaani kipimo cha muda damu huchukua kuganda, ikae kati ya 2 na 3: ikishuka damu itaganda kwenye vyumba hivyo vinavyotetemeka, ikipanda utavuja.

Kuhusu vidonge vipya, mwulize: vilijaribiwa kwa nani? Majaribio makubwa ya kwanza, kuanzia 2009, hayakupokea wagonjwa wenye vali iliyokaza sana. Maradhi yako ni ya kwetu sisi, kule kwa matajiri yamebaki machache. Ndipo likaja jaribio la INVICTUS, wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wote mioyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Baadhi walipewa rivaroksabani, isiyohitaji INR, wengine dawa za jamii ya warfarini. Majibu yakatoka 2022: waliomeza dawa kuukuu walikufa wachache, na hawakuvuja damu zaidi. Mimi nilitarajia kinyume.

Dawa za kutuliza mapigo ya moyo nazo zina historia ya kutisha. Mwaka 1989 Marekani walisimamisha baadhi ya dawa katika jaribio la watu waliopata shambulio la moyo. Zilituliza mapigo ya ziada vizuri kabisa, lakini waliozimeza walikufa wengi kuliko waliopewa vidonge vitupu. Karatasi ya ECG, mchoro wa mapigo ya moyo, ilipendeza, mwenyewe yuko kaburini.

Umeme nao upo. Waya hupitishwa mshipa wa paja hadi moyoni, mahali mishipa ya mapafu inapoingilia. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha mwaka 1998 kwamba fujo nyingi za mapigo huanzia hapo. Njia ya kwanza huchoma kwa joto, na umio ulio nyuma ya moyo waweza kuungua. Njia mpya, ya mapigo mafupi ya umeme, huuhurumia. Marekani iliidhinisha njia hiyo mpya Desemba 2023. Ila vali yako ikiendelea kukaza, chumba kitazidi kutanuka na fujo itarudi. Kliniki ijayo uliza hilo kwanza: je, vali yangu yafaa kupanuliwa kwa puto?

Mboga usiache. Managu, sagaa, sukuma, kula kiasi kilekile kila wiki, maana hupunguza nguvu ya warfarini. Septrin na diklofenaki za dukani usiguse bila kuuliza. Kama bado wapanga kuzaa, sema kabla ya mimba. Choo kikiwa cheusi, au uso ukipinda upande mmoja, nenda hospitali usiku huohuo, omena watauzwa na jirani.