Uvundo hauanzii kwenye kamba

Dada, umeniandikia kwamba nguo zenu zinanuka hata baada ya kufuliwa: mumeo anasema hufui vizuri, wewe unasema ni jasho lake. Mimi namshtaki beseni. Umeandika unaloweka Ijumaa usiku, unafua Jumamosi ukipata nafasi. Kwa joto letu la Dar, maji yale hadi asubuhi yameshachacha na bakteria wameshazaliana. Nusu saa inatosha.

Halafu sabuni. Mama yangu alikuwa akimimina unga mpaka povu linamwagika, kisha anasuuza mara moja tu kwa sababu maji ni ya kununua, ndoo kwa ndoo. Sabuni iliyobaki kwenye kwapa na kola ndiyo inayoshika uchafu. Punguza unga, suuza mara mbili, maji ya mwisho tia siki nusu kikombe kwa ndoo (usiichanganye na jiki kamwe, inatoa hewa ya sumu).

Masika haya anika ndani mbele ya feni, nguo zisigusane. Naye mumeo aache kusokomeza shati bichi la jasho kwenye tenga lenye kifuniko. Kabla ya kukunja, shika mshono wa kwapa: ukiwa wa baridi, rudisha kambani.