Viazi vya sandukuni: majani yananifika kifuani, chini hakuna kitu

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Pasua, Moshi. Nilitengeneza sanduku la mbao, mita moja kila upande na kimo mita moja. Nilipanda viazi mviringo mwezi Desemba. Kila majani yalipopanda niliongeza udongo na samadi ya kuku, urea nikatia mara mbili. Mashina yamenifika kifuani, lakini nilipofukua nimekuta viazi vichache chini kabisa, vingine vya kijani. Tatizo nini? Na vya kijani vinalika?

JIBU: Marahaba. Vya kijani tupa. Vilipigwa na mwanga vikatengeneza sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Sasa sanduku. Kiazi mviringo si mzizi, ni ncha iliyovimba ya kijishina kinachotambaa chini ya udongo. Kwa aina nyingi tunazolima, vijishina hivyo hutoka karibu na mbegu, hata ukiendelea kufukia shina mpaka juu. Zile picha za masanduku yaliyojaa viazi toka chini hadi ukingoni mimi siziamini. Kazi kubwa ya kuinulia udongo ni kuvikinga viazi na jua, na sentimita 15 hadi 20 juu ya mbegu zinatosha. Kata sanduku lako katikati upate mawili yenye kimo cha nusu mita. Toboa chini maji yasituame, na kila moja panda mbegu nne au tano, si zaidi.

Lakini hata sanduku fupi lisingekuokoa Desemba. Kiazi hunenepa vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 15 na 20, na ubaridi wa usiku ndio unaoufanya mmea upeleke chakula chini badala ya kukimalizia kwenye majani. Wenzako wa Kibosho juu wanao ubaridi huo, na Arusha nayo, ikiwa karibu mita 1,400, ina nafuu. Moshi mjini hamfiki mita 1,000, na mbao zikipigwa na jua la alasiri udongo wa ndani unachemka. Panda katikati ya Mei, viazi vianze kufunga mwishoni mwa Juni baridi ikiwa imeingia. Weka sanduku mahali pa jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, utandaze majani makavu ya migomba juu ya udongo. Masika yakichelewa kuisha, kagua majani kila siku: madoa meusi yenye unyevu ni bakajani, na huenea haraka mno.

Urea acha kabisa. Asilimia 46 yake ni naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, nawe ulishatia samadi ya kuku; mmea uliolishwa hivyo hauna haja ya kuweka akiba. Tumia samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, debe moja kwa sanduku, uichanganye na udongo kabla ya kupanda.

Mbegu usichukue kwenye viazi vya sokoni, vingi vina ugonjwa wa mnyauko bakteria usioonekana kwa macho. Waulize TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, au afisa ugani wa kata akuelekeze kwa mzalishaji wa mbegu safi. Na kama sanduku hilo liliwahi kuwa na nyanya au bilinganya, ambazo nazo hupata mnyauko huo, badilisha udongo wote.