Mgeni kwa nani?

Mmeuliza wiki hii: ukiingia duka la vyakula la Wahindi, unajisikia mgeni? Swali limenichoma kidogo, maana wengi wetu tuliojaa Dodoma ni watu wa juzi, tumeletwa na Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa sasa inahamia kweli. Wafanyabiashara wa Kihindi walifika hapa na reli ya Mjerumani. Kwa hiyo mgeni kwa nani?

Mimi mtu wa Muheza. Iliki na pilipili manga nimeziona zikiwa shambani, viungo havinibabaishi. Lakini jirani yangu alinipikia choroko zikanishinda kuzielewa, akaniambia siri ni mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Kwetu mvuje anafungiwa mtoto kwenye kitambaa kuzuia husuda, kuula, hapana.

Nikaenda duka moja la zamani katikati ya mji. Kaunta ya mbao, mizani, magunia ya dengu, chupa za achari ya embe, na kila kitu kiko nyuma ya mzee. Hushiki wala hunusi mpaka upewe.

"Shikamoo mzee. Naomba mvuje."

"Marahaba. Wa mtoto au wa kupika?"

"Wa kupika."

"Unapika nini, mama?"

Nikakereka. Sokoni Majengo nani anakuuliza unapika nini? Unalipa, unafungiwa, unaondoka. Nikajibu kwa mkato: choroko. Akafungua kikopo, ikatoka harufu ya saumu iliyovunda. Mafuta yapate moto kwanza, akasema, utie kidogo tu, kama kichwa cha njiti ya kibiriti, usiache uungue, ndipo umimine juu ya choroko. Wako wenzao, akaongeza, ambao dini haiwaruhusu kitunguu wala saumu, basi mvuje ndio unaowapa ladha.

Hajamaliza, akaingia bibi mmoja wa Kigogo kufuata chumvi. "Mbukwenyi!" Mzee akaniacha hapohapo. Wakazungumza Kigogo, kirefu, bibi anacheka mpaka anashika kaunta, mimi nimesimama na noti yangu mkononi sielewi hata neno.

Nilianza kuandika nikitaka kusema wenye maduka haya wanajitenga. Nikimkumbuka yule bibi, naona siwezi kulisema kwa nguvu ile. Ingawa kuchekeana kwenye kaunta si kualikana harusi, na harusi zao sijaalikwa, wala bibi sidhani.

Basi jibu langu ni ndiyo, najisikia mgeni, na bado nasema wabandike bei tuone kabla ya kuuliza. Ila kama ni kosa, si la mzee peke yake. Pilipili manga nitaendelea kuletewa na ndugu zangu. Mvuje, na unga wa dengu wa bajia Ramadhani ikikaribia, nanunua kwake. Choroko zilitoka nzuri sana, ingawa mume wangu alifungua madirisha yote.