Makala zako ziko ikolojia na saikolojia? Usifiche upande mmoja

Wewe unayechapisha huku na huku, leo ikolojia kesho saikolojia ya utambuzi, nakuandikia wewe hasa, maana mimi nilipoteza karibu miaka 3 kwa kufuata ushauri mbaya na sitaki mwingine apite nilikopita.

Ushauri wenyewe ni ule wa mshika mawili moja humponyoka. Kila niliyemwonyesha CV yangu alisema chagua, wanajopo watachanganyikiwa. Basi nikatengeneza CV mbili, ya ikolojia natoa makala zote za kumbukumbu za binadamu, ya saikolojia natoa ndege na nyuki. Siku ya usaili mama mmoja kwenye jopo akawa anashusha kalamu taratibu pembeni ya orodha yangu, mwaka hadi mwaka, akafika kwenye pengo la miezi 19 akaiacha kalamu pale pale, akauliza, "Hapa ulikuwa unafanya nini?" Na hapo ndo nilikuwa nimefanya kazi kuliko wakati wowote, yani kazi nzuri kabisa, ila niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Kazi sikupata, na iliniuma sana.

Baadae nilikaa na makala zangu zote nikajiuliza, hivi kuna swali moja ambalo zote zinalijibu? Kumbe lipo: kiumbe anajuaje kwamba muda wa kuacha kutafuta hapa na kwenda kwingine umefika? Mwaka 1976 Eric Charnov alionyesha kwa hesabu kwamba mnyama anafaidi zaidi akihama pale kasi ya kupata chakula kwenye kichaka alichopo inaposhuka hadi kufikia wastani wa eneo zima. Hiyo ni ikolojia tupu. Alafu mwaka 2012 Thomas Hills na wenzake wakaipeleka hesabu hiyo hiyo kwenye kumbukumbu za binadamu. Mwambie mtu akutajie wanyama wengi kadiri awezavyo uone: simba, chui, duma, fisi... kimya... papa, nyangumi, pweza. Ule ukimya ndo kuhama kichaka! Mimi nikiusikia kwenye rekodi bado nasisimka mpaka leo.

Swali hilo nikaliandika kwa sentensi mbili juu kabisa ya orodha ya machapisho, na chini yake makala zote kwa pamoja bila kutenganisha fani, na kwa zile chache muhimu nikaongeza mstari mmoja wa kusema inajibu kipande gani cha swali. Kama zako hazina swali moja basi tafuta mbinu inayoziunganisha. Mfano takwimu, Herbert Clark mwaka 1973 aliwaonya wanasaikolojia wasichukulie maneno machache ya jaribio lao kama ndo lugha nzima, na mwaka 1984 Stuart Hurlbert akawaonya wanaikolojia kuhusu kuhesabu vipimo vya sehemu moja kama vile ni sehemu nyingi tofauti. Makosa hayo ni ndugu wa damu, na anayeyajua yote mawili anahitajika pande zote mbili, hilo lisemwe wazi kwenye CV bila aibu.

Mengine ni madogo ila usiyapuuze. Jina liwe moja kila mahali, na jisajili ORCID, ile rejista ya watafiti ya mtandaoni, ni bure, unapata namba ya tarakimu 16 inayokusanya kazi zako hata kama jarida moja limeandika jina la kati na lingine limeliacha. Kile kipimo cha h alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005 (ukiwa na h ya 10, maana yake makala zako 10 zimenukuliwa angalau mara 10 kila moja) usikitumie kujilinganisha na mtu anayechapisha kwenye fani moja tu, desturi za kunukuu zinatofautiana kati ya fani na fani. Na ukituma makala inayokaa katikati, mwombe mhariri kwa barua atafute mhakiki mmoja kila upande, mimi niliwahi kurudishiwa makala kwa sababu wahakiki wote walikuwa wa saikolojia na hakuna aliyeelewa kwa nini nyuki wapo pale.

Kabla ya kutuma CV popote sa hivi nawapa watu wawili wasome zile sentensi mbili za juu tu, mmoja wa ikolojia, mmoja wa saikolojia. Mmoja wao akiuliza "sasa hizi nyingine za nini?" naziandika upya usiku huo huo.