Mwizi mmoja, habari tano: majibu kwa wasomaji wa Mwanza

Wiki tatu zilizopita niliwaomba wasomaji wa Mwanza mniandikie kuhusu hofu ya uhalifu kwenye mitaa mipya ya pembezoni mwa jiji, kuanzia Buswelu na Nyasaka hadi Buhongwa na Kishiri. Barua zimekuja nyingi, nyingine kutoka mbali na jiji. Nimechukua sita na kuzifupisha.

Shikamoo dada. Mwaka jana tulihama Kirumba, tukajenga Buswelu. Tangu nyumba moja ya jirani ivunjwe, kila siku nasikia habari za uvamizi. Mume wangu anataka tuuze tuondoke. Kweli uhalifu umepanda kiasi hiki? – Mama wa watoto wawili, Buswelu

Marahaba mdogo wangu. Nikupe kisa cha nyumba kama hiyo, ya Nyasaka, niliyoifuatilia nilipokuwa mwandishi wa matukio. Usiku wa kuamkia Jumanne wezi walikata nondo za dirisha, wakabeba televisheni, mtungi wa gesi na simu mbili. Saa moja asubuhi redio ikatangaza kwamba nyumba imevunjwa wilayani Ilemela. Saa nne sauti ya jirani ikaingia kwenye grupu la mtaa, na nyumba zikawa mbili. Mchana, kijiwe cha bodaboda kilikuwa kinasimulia watu wenye mapanga. Jioni runinga ikaonyesha lile dirisha. Jumatano asubuhi wachambuzi wa magazeti wakaisoma upya. Alhamisi nilipokwenda kumhoji mwenye nyumba, mama mmoja gengeni aliniambia, huku akifunga mafungu ya mchicha, kwamba wiki ile wamevamiwa watu watano. Hakuwa anadanganya. Alikuwa ameisikia habari mara tano, kila mara imevaa nguo nyingine, na kila mara aliihesabu.

Hesabu ya namna hiyo wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliieleza mwaka 1973: jambo linalokuja haraka kichwani tunaliona kuwa linatokea mara nyingi. Na hakuna kinachokuja haraka kuliko dirisha lililokatwa nondo. Marekani, ambako watu wamepimwa kwa jambo hili miaka mingi, takwimu za FBI, idara ya upelelezi ya nchi hiyo, zinaonyesha uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua karibu nusu kati ya 1993 na 2022. Katika miaka hiyo hiyo, karibu kila mara shirika la kura za maoni la Gallup lilipouliza, watu wengi walijibu kwamba uhalifu nchini umeongezeka kuliko mwaka uliotangulia. Walipoulizwa kuhusu mtaa wao wenyewe, waliosema hivyo walikuwa wachache zaidi. Mtaa wako unaujua kwa macho. Nchi unaijua kwa kusimuliwa.

Sisemi Buswelu hakuna wezi. Nyumba ile imevunjwa kweli, na mitaa yenye mapagala mengi na taa chache inampa mwizi nafasi. Ila kabla hamjauza, nendeni na mume wako ofisi ya mtaa mkaonane na mwenyekiti na polisi kata. Ulizeni nyumba ngapi zimevunjwa tangu Januari, saa ngapi, na wezi waliingilia wapi. Wakikwambia wote waliingilia mlango wa jikoni wakati wenyewe hawapo, basi shida yako ni kufuli na jirani wa kuangalia nyumba, na kiwanja hakina kosa.

Kuna jambo jingine linanigusa kwa kuwa wewe ni mama. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 85,000 hivi waliuawa kwa makusudi duniani, na takriban 51,100 kati yao waliuawa na wenza wao au ndugu zao. Habari za usiku zinatufundisha kumwogopa mtu wa nje ya geti. Ukisikia kilio ndani ya nyumba ya jirani, usikiache kwa sababu tu hakijatangazwa.

Dada, nasoma uandishi wa habari hapa Malimbe. Nilipokuwa fildi nilipewa matukio ya polisi tu. Kwa nini uhalifu unapewa nafasi kubwa hivyo? – Mwanafunzi

Kwa sababu unakuja umeshapikwa. Kamanda anaita waandishi, mezani kuna mapanga, simu na pikipiki iliyokamatwa, watuhumiwa wamechuchumaa pembeni. Ndani ya saa moja una habari tatu na picha zake. Kufuatilia kwa nini mtaa mzima hauna taa kunakula wiki mbili na nauli yako mwenyewe, na wengi wetu mikoani tulilipwa kwa kila habari iliyotoka. Watafiti wa Norway, Johan Galtung na Mari Ruge, walionyesha mwaka 1965 kwamba jambo la ghafla, lililo wazi na baya hupenya kwenye vyombo vya habari kirahisi kuliko linalokwenda taratibu. Wizi ni wa usiku mmoja. Giza la mtaa ni la miaka.

Ukipewa tena matukio, yachukue, ila ongeza maswali mawili. La kwanza: mwaka jana kipindi kama hiki yalikuwa mangapi? Jeshi la Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ya hali ya uhalifu yenye hesabu za kila mkoa, na ofisi ya umma ikikunyima takwimu, sheria ya upatikanaji wa taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ijibu maombi ya maandishi ndani ya siku 30. La pili: wale waliochuchumaa mwaka jana kesi yao iliishaje? Nenda mahakamani ukaulize. Kijana aliyeonyeshwa runingani akiitwa jambazi, kisha akaachiwa huru, anarudi mtaani ambako hakuna aliyesikia kwamba ameachiwa. Katika miaka yangu ya matukio niliandika kukamatwa kwa watu wengi mno. Kuachiwa kwao niliandika mara chache sana, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Habari dada. Panya road wameshaingia Mwanza? Huku Nyegezi watu wanasema wapo. – Mwenye duka

Salama kaka. Jina hilo ni la makundi ya vijana waporaji wa Dar es Salaam, na mwaka 2022 lilisikika nchi nzima baada ya mashambulizi ya kule. Jina husafiri haraka kuliko kundi. Vijana watatu wakimpora mtu simu Nyegezi, zamani tungesema vibaka. Sasa tunasema panya road, na mara moja unaona kichwani vijana hamsini wenye mapanga. Muulize anayekwambia: walikuwa wangapi, walikuwa na nini mkononi, na wewe uliwaona? Kama ni vibaka watatu, waite vibaka watatu, ukatoe taarifa ya vibaka watatu.

Mwanangu, hapa Igoma kijana alipigwa nusura afe akituhumiwa kuiba betri ya sola. Kumbe ni fundi, mwenye betri ndiye aliyemtuma. Redio ikasema "wananchi wenye hasira kali". Mimi nilikuwepo. Sikuona hasira. Niliona watu wakicheka. Kwa nini mnasema hivyo? – Mzee wa Igoma

Shikamoo baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu maneno hayo nami nimeyaandika kwa mkono huu huu. Tulikuwa na sentensi moja tunaijua kama wimbo: mtu mmoja ambaye jina lake halikufahamika mara moja, anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya 20 na 25, ameuawa na wananchi wenye hasira kali kwa tuhuma za wizi.

Itazame sentensi hiyo, baba. Aliyekufa hana jina. Waliomuua hawana jina. Mwenye sifa ni hasira peke yake, na ni hasira ya "wananchi", neno tunalolitumia kwa watu wema wanaojenga taifa. Kabla msikilizaji hajauliza nani ameua, ameshapewa sababu ya kusamehe. Akiisikia mwaka mzima, anaanza kuona kwamba mwizi akipatikana, hasira kali huja yenyewe, kama mvua inavyotoka ziwani. Haiji yenyewe. Kuna mtu aliyepiga yowe, kuna aliyeleta tairi, kuna aliyeokota jiwe la kwanza, na wote wana majina na nyumba zao zinajulikana.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Fundi wenu alikuwa hajashtakiwa hata kwa balozi.

Wewe kwa umri wako unaikumbuka Sungusungu, iliyoanza huku huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wezi wa ng'ombe na ujambazi. Ilirudisha mifugo ya watu wengi. Lakini kuna mahali ilipiga na kuua, na baadhi ya walioangukiwa walikuwa bibi zetu waliosingiziwa uchawi kwa macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni miaka na miaka. Na hapo pia tulikuwa na maneno yetu ya tayari: "imani za kishirikina". Tuliyaandika, tukafunga daftari, hata pale majirani walipokuwa wananong'ona kwamba ugomvi ulikuwa wa shamba.

Ningeandika hivi kuhusu fundi wenu: kundi la watu limempiga fundi wa sola mchana Igoma, akiwa amebeba betri aliyotumwa na mteja wake, baadhi yao walikuwa wakicheka. Nakuomba jambo moja, kama afya inaruhusu. Nenda kituoni ukaandikishe maelezo ya ulichokiona. Kijana huyo anahitaji shahidi mwenye mvi.

Dada, mume wangu ni mvuvi, tuko Ukerewe. Mara mbili ameporwa injini na nyavu usiku ziwani. Hakuna redio iliyosema. Televisheni ikiibiwa Mwanza mjini inasemwa siku mbili. Sisi si watu? – Mke wa mvuvi

Pole sana, mpe pole na mumeo. Injini ikienda, imeondoka na ada za watoto na deni linabaki. Hamsikiki kwa sababu mwandishi anaishi mjini, na kuvuka kuja kwenu ni gharama. Pia anayeibiwa televisheni ana simu za watu wengi wa kupiga. Matokeo yake watu wa mitaa yenye kuta wanaogopa kupita kiasi, na ninyi mnabeba hatari kubwa kimya kimya. Doria nayo mara nyingi hufuata kelele zilipo. Hata vifo vya maji viko hivyo: MV Bukoba ya Mei 21, 1996 na MV Nyerere ya Septemba 20, 2018 tunazijua sote kwa majina, ila mvuvi mmoja mmoja anayezama usiku analiliwa na mwalo wake tu.

Msikae kimya. Kupitia BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu, fungueni daftari moja: tarehe, eneo, namba ya injini, idadi ya nyavu, wezi walikuja na mtumbwi gani na waliondoka kuelekea wapi. Kila tukio lichukuliwe RB, yaani namba ya taarifa, polisi. Tukio moja mwandishi anaweza kulipita. Daftari lenye matukio kumi, lenye namba za injini, hataliacha. Mkilikamilisha niandikieni, nauli ya kivuko nitajilipia.

Mimi ni admini wa grupu la mtaa wetu Buhongwa. Kila usiku naletewa sauti za "wezi wamezingira nyumba". Nizifute au niziache? – Admini

Anza kwa kutenganisha msaada na hadithi. Jirani anayesema yuko ndani na mlango unapigwa sasa hivi, huyo apigiwe simu, mtoke na walinzi shirikishi, na polisi wapigiwe 112. Sauti isiyo na jina la msemaji, tarehe wala mtaa, iondoe, hasa kama imesambazwa mara nyingi. Inaweza kuwa ya mji mwingine na mwaka mwingine. Wakumbushe wenzako kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu pia anayesambaza uongo akijua ni uongo. Picha ya mtuhumiwa usiiruhusu kabisa, umeona yaliyompata fundi wa Igoma.

Na ukishajua ukweli, rudi uuandike hapo hapo walipotishika: "Jana saa tano usiku, kelele nyuma ya kanisa. Walinzi wamefika. Ni mbuzi wa jirani aliyenasa kwenye uzio, ameshatolewa. Lalani." Watu wako wanahitaji kusikia na hiyo.