Kumpata mfasiri wa Kichina na Kiitaliano anayeijua kazi yako

Kwa miaka kadhaa nimeratibu mawasiliano kati ya viwanda vya nguo vya China na wanunuzi wao wa Italia, na kila anayeniomba nimwelekeze kwa mfasiri mzuri, mimi humuuliza kwanza hati yake inakwenda kutumika wapi. Mtu anayefasiri vizuri barua za biashara si lazima aweze ripoti ya daktari au maelezo ya mashine, hata kama lugha zote mbili anazizungumza kama maji.

Swali ambalo wateja wengi hawaliulizi, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni hili: je, anafasiri moja kwa moja? Kwa kuwa wataalamu wa Kichina na Kiitaliano ni wachache, baadhi ya mawakala huipitisha kazi kwenye Kiingereza kwanza bila kumwarifu mteja. Niliwahi kuletewa mkataba uliopitia njia hiyo. Sheria ya China na ya Italia zote mbili zinatambua aina ya malipo ya awali ambayo mnunuzi akivunja mkataba huyapoteza, na muuzaji akiuvunja hulazimika kurudisha mara mbili. Katika nakala ile kifungu hicho kilikuwa kimegeuka kuwa malipo ya kawaida ya utangulizi, na kinga yote ya mnunuzi ilikuwa imetoweka. Mfasiri mwenye ujuzi wa sheria angekiona mara moja.

Pa kuanzia kutafuta ni orodha ya wanachama wa AITI, chama cha wafasiri na wakalimani wa Italia kilichoanzishwa mwaka 1950, na vilevile vyuo vikuu vinavyofundisha Kichina kwa kina, kama Ca' Foscari cha Venezia na L'Orientale cha Napoli. Mpe mfasiri ukurasa mmoja wa hati yako halisi, umlipe, kisha usikilize maswali atakayokuuliza. Asiyeuliza lolote kuhusu istilahi za kiwanda chako, mimi humwacha.

Hati ikiwa inakwenda kwenye ofisi ya serikali ya Italia, aghalabu itatakiwa tafsiri ya kiapo, ambayo mfasiri huiapia mahakamani au mbele ya mthibitishaji wa hati, na ambayo kwa kawaida hubandikwa stempu ya ushuru ya euro 16 kwa kila kurasa nne. Hati za umma kutoka China sasa huhitaji apostili, yaani cheti cha kimataifa cha kuthibitisha hati ya umma, badala ya kuhalalishwa na ubalozi, kwani mkataba wa apostili ulianza kutumika huko tarehe 7 Novemba 2023.

Kwa mkalimani, yaani anayetafsiri kwa mdomo, uliza pia wazungumzaji wanatoka wapi. Wachina wengi wa Prato, mji wa viwanda vya nguo huko Italia, asili yao ni mji wa Wenzhou, na lahaja ya huko haieleweki kwa mtu anayejua Kimandarini peke yake. Mzee aliyezoea lahaja hiyo atahitaji mkalimani anayeijua. Mjaribu mkalimani kwa tarakimu kubwa, kwa maana Kichina huhesabu kwa makundi ya elfu kumi na Kiitaliano kwa maelfu, na hapo ndipo bei huharibika mezani. Ukalimani sambamba, ambapo mkalimani hutafsiri huku mzungumzaji akiendelea kusema, ukiwa wa muda mrefu unahitaji watu wawili wanaopokezana kila baada ya nusu saa hivi. Watumie ajenda, orodha ya bidhaa na rasimu ya mkataba siku kadhaa kabla ya kikao, na muda wao wa kujiandaa uuweke kwenye malipo.