Mmeuliza kuhusu ubingwa, mimi nawajibu kuhusu Stoke City

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hivi: "Je, ubingwa uliopatikana katika msimu uliovurugwa na vita au maradhi una thamani sawa na mwingine?" Jibu langu la haraka ni ndiyo. Ningeweza kuishia hapo, lakini mimi ni shabiki wa Liverpool, na swali kama hilo halijawahi kuulizwa mbele yangu kwa nia njema. Anayeuliza huwa anataka kuniambia kwamba tulipewa.

Hilo la kupewa nilitupiwa usoni usiku wa tarehe 25 Juni 2020, kwenye kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea mpira, pale Ngamiani, Tanga. Liverpool hawakuwa wanacheza, maana jana yake walishamchapa Crystal Palace 4-0. Waliokuwa uwanjani ni Chelsea na Manchester City, na City wasiposhinda sisi ni mabingwa, baada ya miaka 30. Mwenye kibanda alijua tutajaa, akatoza kiingilio cha mechi kubwa. Mlangoni aliweka ndoo ya maji tiririka na sabuni kwa ajili ya korona, na kila mtu aliipita kama haioni. Mashabiki wa City walikuwa wachache wamejibanza ukutani. Wa Manchester United walikuja kwa shari tu, timu yao haikuhusika kwa lolote.

Pulisic akafunga, kibanda kikapasuka. Kipindi cha pili De Bruyne akasawazisha kwa mpira wa adhabu, na wale wa ukutani wakapata sauti. Halafu mpira ukamgonga mkononi Fernandinho pale kwenye mstari wa goli, na king'amuzi nacho kikaganda hapo hapo. Picha imesimama, mkono umesimama, watu wanamtukana mwenye kibanda, yeye anakipiga kile king'amuzi makofi. Iliporudi, Fernandinho alikuwa anatoka na kadi nyekundu na Willian anatega mpira kwenye penalti. 2-1.

Katikati ya kelele zile, mzee mmoja fundi cherehani, Man United wa damu, aliyekaa benchi la mbele, aligeuka akaniambia taratibu: "Mmezoea, kijana wangu. Hata ule wa arobaini na saba mlipewa na Sheffield."

Nilimwambia, "Mzee wangu, leo acha tufurahi." Hakuacha. Alikuwa na kitabu cha takwimu za soka alicholetewa na kaka yake aliyekuwa baharia, na msimu wa 1946/47 aliujua kama watu wa rika lake wanavyojua hadithi za Majimaji. Tulitoka nje, pikipiki zinapiga honi barabarani, wenzangu wanaimba, mimi nimeshikwa mkono nasomewa msimamo wa ligi wa enzi za mkoloni. Alinisomea wote, hadi walioshuka, Brentford na Leeds United.

Nikaenda kuufuatilia ule msimu kwa hasira. Ligi ya Uingereza ilisimamishwa Septemba 1939 timu zikiwa zimecheza mechi tatu tu, na iliporudi Agosti 1946 walichukua ratiba ile ile ya 1939 wakaanza nayo upya. Old Trafford ilikuwa imelipuliwa kwa mabomu, Man United wakawa wapangaji Maine Road, nyumbani kwa City. Chakula kilikuwa cha mgao. Kisha, kuanzia mwishoni mwa Januari 1947, ikaja theluji isiyokatika mpaka Machi. Makaa ya mawe yakaadimika, na serikali ikapiga marufuku mechi za katikati ya wiki ili watu wasitoroke kazini. Viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vikarundikana hadi ligi ikafika Juni, mwezi ambao Waingereza huwa wameshahamia kwenye kriketi.

Sasa mtu aniambie, kilichopewa hapo ni nini? Septemba Liverpool walipigwa 5-0 na Man United. Baada ya hapo wakamnunua Albert Stubbins kutoka Newcastle kwa pauni 12,500. Novemba Jack Balmer akafunga mabao matatu au zaidi katika kila mechi, mechi tatu mfululizo. Tarehe 31 Mei wakaenda kwa Wolves, ambao wakishinda wao ndio mabingwa. Kwa Stan Cullis, nahodha wa Wolves, hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya maisha yake ya uchezaji. Stubbins alimponyoka, Cullis angeweza kumvuta jezi, hakumvuta. Bao. Ikaisha 2-1. Mtu akishinda ugenini siku ya namna ile, siwezi kusikia kwamba alipewa.

Ila pointi 57 za Liverpool hazikutosha kufunga hesabu. Stoke City walikuwa na 55 na kiporo kimoja, na wakati ule ushindi ulikuwa pointi mbili. Wakishinda wanafikisha 57 na wanatupita kwa wastani wa mabao (ya kufunga kugawanywa kwa ya kufungwa). Kiporo hicho kilichezwa tarehe 14 Juni, Sheffield, mvua inanyesha, na Sheffield United wakashinda 2-1. Liverpool siku hiyo walikuwa Anfield wanacheza na Everton kwenye kombe la mji wao, wakatangaziwa ubingwa kwa kipaza sauti mechi ikiendelea. Ndiyo, walikuwa wanacheza kitu kingine kabisa. Mzee alisema kweli hapo.

Na ninapoandika hivi ndipo Stoke wananikaa rohoni. Mwezi mmoja kabla ya mechi hiyo, wakiwa kwenye mbio za ubingwa, walimuuza Stanley Matthews kwa Blackpool kwa pauni 11,500, kwa kuwa yeye na kocha wake Bob McGrory hawakuwa wanaelewana. Winga bora kuliko wote wa zama zake! Stoke hawajawahi kubeba ligi hiyo kabla wala baada ya hapo. Nilitaka kusema theluji ndiyo iliyowanyima, lakini theluji ilimwangukia kila mtu. Waliowanyima ni viongozi wao wenyewe, na hilo lingeweza kutokea hata msimu wenye jua.

Upande wetu kuna jambo ambalo mzee hakulijua, na nalitoa mwenyewe. Kabla ya msimu kuanza, kocha George Kay aliwapeleka wachezaji Marekani na Kanada, wakacheza na, muhimu zaidi, wakala. Nyama, mayai, maziwa, wakati wapinzani wao nyumbani wanahesabu kuponi. Huo si wizi, yeyote mwenye nauli angefanya. Lakini siwezi kujifanya kwamba wote walianzia mstari mmoja.

Kwa hiyo ile "ndiyo" yangu ya mwanzo naipunguza. Kwenye orodha, ubingwa wa 1947 na wa 2020 uhesabiwe kama mwingine wowote. Thamani, hapana, si sawa. Wa 2020 tuliuchukua kwa tofauti ya pointi 18 na hakuna aliyedhulumiwa ila starehe yetu ya kushangilia viwanja vikiwa vimejaa. Wa 1947 ni mkubwa zaidi kwa yale waliyoyapitia, na papo hapo ndio ambao, nikibanwa sana, ningekubali kumgawia Stoke nusu. Nusu tu, na mzee asiambiwe.

Na haya yote nayasema kwa ligi iliyochezwa hadi mechi ya mwisho. PSG ya Ufaransa na Gor Mahia ya Kenya, waliokabidhiwa ubingwa mwaka 2020 ligi zao zikiwa zimefungwa njiani, wajitetee wenyewe.